Hesabu Isomwe Mbele ya Nani?

Mama na papa, yaya na wadogo zangu, leo nimekuja na jambo moja, nalo ni pesa za huruma. Kodi tuiache kando, na mshahara pia. Nasemea pesa ambazo mtu anatoa mfukoni mwake kwa hiari kwa sababu mwingine amemwomba kwa niaba ya mtu wa tatu.

Hao watatu tuwashike vizuri. Yuko anayetoa. Yuko anayeomba. Na yuko yule ambaye jina lake, au kidonda chake, au picha ya mtoto wake, ndiyo iliyoombewa pesa. Kanuni za uchangishaji zilizoandikwa duniani, nyingi zinamlinda wa kwanza na kumwonya wa pili. Wa tatu anatajwa kwa heshima, kisha anaachwa mlangoni. Mimi leo namsemea wa tatu. Na mahali pa kumsemea ni hapa kwetu, maana kati ya 2018 na 2020 miji yetu miwili, Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, iliombewa pesa katika lugha nyingi za dunia, na wenyeji wakabaki wanauliza: zimepita wapi?

Lakini kwanza tuanzie nyumbani, tusije tukaonekana watu wa kulaumu wageni tu.

Sisi michango tumezaliwa nayo. Mtu akifiwa, kabla maiti haijatoka hospitalini daftari limeshafunguliwa. Ni lile daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kijana mwenye mwandiko mzuri anapewa kalamu, na mzee ambaye hana deni mtaani anakaa kando yake na bahasha. Ukurasa unapigwa mistari: jina, franka, dolari. Aliyeleta kuni anaandikiwa kuni, aliyeleta ndoo ya maharage anaandikiwa maharage. Siku ya kuondoa matanga mtu anasimama, anakohoa kidogo, anaanza kusoma. Fulani, franka elfu tano. Akina mama wa soko, dolari ishirini na mchele. Jirani wa ng'ambo ya bonde, kuku mmoja. Akimaliza mapato anaingia kwenye matumizi: jeneza, gari, saruji ya kaburi, sukari, majani ya chai. Mtu wa nyuma anauliza kwa nini gari limegharimu hivyo, anajibiwa, watu wananung'unika kidogo, mambo yanaendelea. Kilichobaki kinawekwa mkononi mwa mjane, watu wote wakiona.

Angalieni ni nani amekaa mbele kabisa wakati daftari linasomwa. Ni mjane. Anasikia kwa masikio yake jina la marehemu mume wake limeleta kiasi gani, na kiasi gani kimeliwa njiani. Hesabu ya matanga haisomwi kwa waliotoa peke yao. Inasomwa mbele ya yule aliyeombewa, na akiwa na neno ana haki ya kulisema. Hakuna mwanasheria aliyetuandikia hilo.

Kwa njia hiyo mji wa Butembo ulijengwa kwa sehemu kubwa. Wazee wanamkumbuka Monsinyori Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997 kabla ya kupelekwa Bukavu. Serikali ilikuwa mbali, barabara zilikuwa matope, na watu wakachangishwa: huyu jembe, huyu lori, huyu mifuko ya saruji. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza 1989 katika mji ambao hata umeme wa kuaminika haukuwa nao. Wafanyabiashara wakatoa, wakulima wa maharage na viazi wakatoa. Sitaki kupaka sukari: hata nyakati hizo kulikuwa na michango iliyopotea, na kuna miradi katika mji huu ambayo ukiitaja mbele ya mzee fulani anatema mate. Hata hivyo aliyechangisha aliishi palepale, mtaa mmoja na waliochangia. Akila, mke wake ataulizwa sokoni. Aibu ilifanya kazi ya mkaguzi.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Huko Marekani, chama cha watu ambao kazi yao ni kuchangisha, kinachoitwa leo AFP, kilipitisha kanuni zake za maadili mwaka 1964. Mwaka 1993, pamoja na vyama vingine, kikatoa orodha ya haki za mtoaji: ajue shirika linafanya nini, ajue wakuu wake ni nani, aone hesabu za fedha, ahakikishiwe kwamba alichotoa kitatumika kwa kazi aliyotolea, na akiuliza ajibiwe kweli. Kanuni za AFP zinakataza jambo moja ambalo naomba mlikumbuke, tutalirudia: mchangishaji asilipwe kwa asilimia ya kile anachokusanya. Alipwe mshahara, basi. Kisha 2006 vyama vya nchi nyingi vikakubaliana juu ya tamko la pamoja la maadili ya uchangishaji, likapitiwa upya 2018.

Mashirika ya misaada nayo yana yao. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na wenzake walitoa kanuni za mwenendo zenye vipengele kumi kwa wanaosaidia watu wakati wa maafa. Cha tisa kinasema wanawajibika kwa pande mbili, kwa wanaowasaidia na kwa waliowapa mali. Cha kumi kinawataka, katika matangazo yao, wamwonyeshe aliyepatwa na maafa kama binadamu mwenye hadhi, wasimfanye kitu kisicho na tumaini. Hapo yule wa tatu ametajwa waziwazi. Ni maneno mazuri, na walioyaandika sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu unaanza tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina, safari fupi kutoka Beni.

Wengi wenu mnaonisikiliza mlikuwepo. Mnakumbuka ndoo za maji ya klorini, kipima joto kama bastola kwenye paji la uso, magari meupe yakipishana Beni na Butembo kutwa nzima. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Kuna chanjo iliyookoa watu, kuna dawa zilizojaribiwa hapahapa zikaonekana kufaa, na kuna wauguzi wa kwetu waliokufa wakiwahudumia wenzao. Mtu asije kesho akasema nimesema Ebola ilikuwa uongo. Ilikuwa kweli, nasi tuliwazika watu.

Tarehe 17 Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hii ni dharura ya dunia nzima. Wiki moja baadaye Benki ya Dunia ikasema itatoa hadi dola milioni 300. Milioni mia tatu! Habari hiyo tuliisikia redioni, tukiwa kwenye foleni ya kunawa mikono. Na nani aliombewa? Mama wa Katwa. Motari wa Beni. Mtoto wa Mangina.

Nilichokuwa nakingoja ni kile cha siku ya kuondoa matanga. Kwamba mtu mmoja wa Riposti, maana ndivyo tulivyowaita wote waliokuja kupambana na ugonjwa, angesimama uwanjani Butembo akasema kwa Kiswahili au kwa Kinande: kwa jina lenu tumepokea hiki, magari yamekula hiki, posho zimekula hiki, kituo chenu cha afya kimepata hiki. Taarifa zilikuwepo, siwezi kusema hazikuwepo. Ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, zikatumwa Kinshasa, Geneva na Washington, kwa waliotoa. Mimi sikumsikia mtu akizisoma mitaani kwetu, Mususa wala Bungulu.

Mji usiposomewa hesabu unajisomea wenyewe. Watu walihesabu kwa macho. Waliona gari la fulani limekodishwa kwa mwezi kwa bei ambayo duka halilipi kwa mwaka. Waliona nyumba ya ofisa imepata mpangaji mpya anayelipa kwa dola. Waliona kijana asiye na diploma amepata kazi na mwenye diploma amekosa, kwa sababu ya shangazi. Ndipo ukaja msemo tulioukuta mdomoni mwa kila mtu, Ebola business, na mara ukatoka kwenye manung'uniko ukageuka imani: kwamba ugonjwa umeletwa ili pesa ziliwe.

Wataalamu waliouliza watu 961 hapa Beni na Butembo Septemba 2018 walikuta kama robo yao hawaamini kwamba Ebola ipo. Karibu theluthi moja tu ndio waliosema wanauamini uongozi wa mahali kwamba unatetea maslahi yao. Halafu, tarehe 26 Desemba mwaka huohuo, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hatutapiga kura pamoja na wenzetu, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu. Hapo hata aliyekuwa ameanza kuamini akarudi nyuma. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili, Dokta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa kutoka Kamerun, akapigwa risasi akiwa kazini katika hospitali ya Chuo cha Graben. Aliacha nchi yake akaja kututibu. Aliyemuua ni muuaji, hana udhuru wowote, na sitaki mtu apige simu hapa kuniambia alichokozwa. Ninachosema ni kwamba wauaji walipata mji ambao umekwisha kufundishwa kumtazama daktari kama mfanyabiashara, na sehemu ya somo hilo ilitokana na hesabu ambayo haikusomwa.

Tuendelee, maana yako machungu zaidi.

Aliyekuwa waziri wa afya, Dokta Oly Ilunga, alijiuzulu Julai 2019 baada ya rais kumkabidhi Profesa Muyembe usimamizi wa Riposti. Machi 2020 mahakama Kinshasa ikamhukumu kifungo cha miaka mitano kwa matumizi mabaya ya zaidi ya dola 400,000 za Ebola. Yeye alikana. Mimi si hakimu. Natazama tu kwamba hesabu iliyofika mahakamani ilikuwa ya pesa za serikali, sehemu ndogo sana ya mlima wote.

Halafu Septemba 2020 waandishi wa habari walikuja na ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50, hapa Beni, waliosema waliombwa ngono na watu wa Riposti ili wapate kazi. Kazi ya kupika, ya kufagia, ya kuandika majina. Shirika la Afya Duniani likaunda tume huru. Mmoja wa wenyeviti wawili alikuwa mama yetu Julienne Lusenge, ambaye mashirika yake ya wanawake mnayajua. Ripoti ilitoka tarehe 28 Septemba 2021: watuhumiwa 83, na 21 kati yao waliajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Novemba 2023 shirika la habari la AP likaandika kwamba wanawake 104 walipewa dola 250 kila mmoja. Dola 250. Wengine miongoni mwao wana watoto ambao sasa wamefika umri wa shule.

Mtasema: hilo ni suala la nidhamu ya wafanyakazi, uchangishaji unaingiaje? Unaingia hivi. Yule aliyekaa Ulaya akatengeneza tangazo la kuomba pesa aliweka mbele uso wa mwanamke wa Kongo. Mwanamke huyo ndiye aliyefungua mifuko. Kisha pesa zikafika, zikageuka ajira, na ajira ikageuka fimbo ya kumchapia mwanamke yuleyule. Mchangishaji akisema "mimi niliomba tu, matumizi si idara yangu," kwangu mimi hajajibu. Kijana anayeandika daftari la matanga hawezi kusema mimi niliandika tu. Aliyeomba kwa jina la mtu anawajibika kwa mtu huyo mpaka franka ya mwisho.

Nimewasema wa mbali, sasa nije kwetu, na msinikasirikie.

Mnaijua operesheni retour. Kazi inapatikana, sehemu ya pesa inarudi kwa aliyeipitisha. Orodha ya waliokimbia vita inatengenezwa. Shefu wa avenyu anaongeza majina ya shemeji zake, mtu wa shirika anafumba macho, mfanyabiashara anakusanya kadi, na jioni kila mmoja anahesabu chake. Haya si ya kufikirika. Shirika la Mercy Corps liligundua mnamo 2018 kwamba mtandao wa namna hiyo, wenye wafanyakazi, viongozi wa mitaa na wafanyabiashara ndani yake, ulikuwa umelipotezea zaidi ya dola 600,000 katika misaada ya dharura mashariki mwa nchi yetu. Na kilichoibwa kiliibwa mdomoni mwa aliyekimbia kweli, mwenye godoro kichwani. Ile kanuni ya kukataza asilimia niliyowaomba mkumbuke, hapa ndipo ilipo kazi yake. Mwenye kulipwa kwa kichwa ataongeza vichwa. Mwenye kula asilimia ya machozi atataka machozi yazidi.

Ninachowasifia waliogundua ni kwamba hawakunyamaza kabisa. Msalaba Mwekundu nao, mwaka 2017, walitangaza wenyewe kwamba katika Ebola ya Afrika Magharibi walipoteza karibu dola milioni 6 kwa udanganyifu: Sierra Leone kwa njama na watu wa benki, Liberia kwa bei zilizokuzwa, Guinea kwa ankara za ushuru. Kutangaza hivyo kunauma, na wanaotoa wanapungua. Lakini shirika ambalo halijawahi kuibiwa, mimi naliogopa kuliko lililokiri.

Sasa picha. Hapa tumeharibika wenyewe, wala hatukuhitaji mgeni. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni hayajatupa pumzi, na kila yakitokea, kabla hata jua halijachomoza, WhatsApp imejaa. Miili iliyokatwa. Mtoto mwenye jeraha la panga, uso wazi, jina la kijiji chini yake, na chini ya jina namba ya Airtel Money. Anayetuma labda ana nia njema. Labda pia namba si ya familia hiyo, wala hakuna aliyeipigia familia kuuliza. Picha hiyo inazunguka, inafika Nairobi, inafika Canada, inarudi mwaka unaofuata na jina la kijiji kingine. Mtoto yule akikua, akaingia shule, mwenzake ataiona kwenye simu ya kaka yake. Nani alimwomba ruhusa?

Jaribuni jambo hili dogo. Kabla hujatuma picha ya kuombea, jiulize kama ungemruhusu jirani aitume ikiwa huyo ni mtoto wako. Kisha hakikisha mambo matatu: mwenyewe au mzazi wake amekubali, namba ya simu ina jina linalojulikana mtaani, na siku ya kufunga mchango imetajwa. Picha ya mkono unaofungwa bandeji inatosha. Picha ya mlango wa hospitali inatosha. Watu wa Butembo hawahitaji kuona utumbo ili watoe franka elfu mbili.

Kuna jambo jingine nalipita haraka kwa sababu mnajua hali ilivyo na mimi nina watoto. Mchango usioweza kuukataa si mchango. Kamba iliyotandazwa barabarani na vijana wanaojaza mashimo, ukiwapa ni sawa, ukiwapita wakakutukana bado ni sawa. Lakini mwenye bunduki akija na karatasi yenye majina ya nyumba zote za avenyu, hiyo ina jina lake jingine. Kule Rutshuru na Masisi wanaiita lala salama. Na hata asiye na bunduki, kiongozi wa dini au wa kata anayesoma majina ya ambao hawajatoa, mbele ya watoto wao, amevuka mpaka. Soma majina ya waliotoa. Ambao hawakutoa Mungu anawajua.

Kwa majirani nako kuna la kujifunza. Tanzania, Septemba 2016, tetemeko lilipiga Kagera, watu wakafa na nyumba zikaanguka, na nchi nzima ikachanga. Baada ya wiki chache Rais Magufuli akawafuta kazi maofisa wa mkoa kwa madai kwamba walifungua akaunti nyingine yenye jina lilelile la akaunti ya maafa. Watu wakashangilia. Januari iliyofuata rais huyohuyo akaenda Kagera akawaambia wenyeji kwamba serikali haitawajengea nyumba, kila mtu ajijengee, na michango itatengeneza majengo ya umma kama shule. Inawezekana kulikuwa na hoja ya kiuchumi. Lakini waliotoa, wengi walitoa wakiwa na picha ya mwanamke aliyesimama mbele ya nyumba iliyobomoka. Huyo mwanamke hakuulizwa. Watuhumiwa walifutwa kazi, na bado wa tatu hakupata kiti. Ndiyo maana nasema kukamata wezi ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili inaweza kufanywa hapa bila kungoja Kinshasa. Nchi yetu ina sheria ya mashirika yasiyo ya faida tangu Julai 2001, na kutapeli ni kosa la jinai siku zote. Ila sheria inakuja ukiwa umekwisha kuibiwa. Mimi napendekeza kitu cha kawaida kabisa: shirika lolote, la kwetu au la nje, linaloomba pesa kwa jina la Beni au Butembo, lije kila baada ya miezi mitatu lisome hesabu redioni na mbele ya watu wa mtaa ule, kwa lugha ya mtaa ule, na ruhusa ya kuuliza iwepo. Tulipopata Ebola tena Februari 2021, katika eneo hilihili la Butembo, wagonjwa walikuwa 12 na ilikwisha ndani ya miezi mitatu. Pesa zilikuwa kidogo, magari yalikuwa machache, na waliofanya kazi wengi walikuwa wauguzi wetu. Hapo kusoma hesabu kungekuwa kazi ya nusu saa.

Wasikilizaji wawili wameniletea maswali kabla ya kipindi, nami nitayajibu kisha niwaachie muziki.

Wa kwanza ni mama anayechangisha kwa ajili ya akina mama waliokwama hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu hawana cha kulipa. Mnajua ilivyo, mtu amepona lakini haruhusiwi kutoka, analala kwenye benchi na mtoto wake. Mama huyu anauliza: nauli yangu ya pikipiki na vocha ya simu, nitoe kwenye mchango au mfukoni mwangu? Mama, toa kwenye mchango, lakini waambie watu kabla, siyo baada. Sema: katika kila franka elfu kumi, mia tano ni za usafiri. Andika safari na tarehe. Anayejifanya anachangisha bure, na bure haina petroli, ndiye atakayeanza kukopa kwenye bahasha, na akikopa mara moja atakopa tena. Asilimia hiyo si ujira wako, ni gharama, na kama usafiri haukufika huko, rudisha kilichobaki.

Swali la pili lilinikosesha usingizi kidogo. Vijana wa kata moja walichangia mgonjwa apelekwe Kampala kupasuliwa. Pesa zikavuka lengo. Mgonjwa akafa kabla ya safari. Zilizobaki ni za nani? Vijana wanataka kununulia timu jezi zenye jina la marehemu. Familia inasema ni zake. Waliochangia kutoka Ulaya wanasema apewe mgonjwa mwingine.

Wenye kanuni za kigeni wangesema arudiwe mtoaji, aulizwe upya, kwa sababu alitolea matibabu. Ni jibu safi, na kwa wale wa Ulaya linawezekana, namba zao zipo kwenye simu. Lakini akina mama waliotoa franka mia tano mia tano kwenye ndoo sokoni utawapataje? Mimi nimewajibu hivi: jezi ziacheni. Mazishi na deni la hospitali vilipwe kwanza. Kisha iteni mkutano, familia ikae mbele, someni daftari lote, na familia iseme neno la kwanza kuhusu kilichobaki. Si lazima iwe neno la mwisho, ila liwe la kwanza.

Mzee mmoja tunayefanya naye kazi hapa studio amekataa jibu langu. Anasema familia yenye msiba haiwezi kuamua vizuri, wajomba watakuja na makucha, na mjane atatoka mkutanoni mikono mitupu. Afadhali pesa ziwekwe parokiani mpaka mwaka uishe, zilipie watoto ada. Ana hoja, wajomba nawajua. Hatukukubaliana. Vijana wanakutana Jumapili baada ya misa ya pili, na wametuomba tumpeleke mtu akasikilize.